Chupa, Kikombe na Chango la Mtoto

Katika kuzitembelea jumuiya ndogondogo, tangu Bukoba mjini hadi vijiji vya Muleba, tumewakuta bibi wengi wanaolea wajukuu walioachwa na mama. Jambo hilo si geni Kagera, mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983.

Bibi mmoja alituonyesha chupa aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mna kijibomba kinachopitisha hewa hadi kitakoni, ili maziwa yatoke bila viputo na mtoto asimeze hewa. Ni ubunifu wa akili kweli. Lakini kijibomba hicho hudai brashi nyembamba na maji ya kuchemsha kila mara, naye Bibi huteka maji mtoni. Maziwa yakiganda humo, mtoto hupata kuhara, na kuhara huua. Chango, pamoja na kilio chake chote, kwa kawaida hupita lenyewe baada ya miezi michache.

Shirika la Afya Duniani hushauri kikombe kidogo kilicho wazi, ambacho ni rahisi kukiosha. Mtoto huketishwa wima, ukingo ukagusa mdomo wa chini, naye akalamba kwa mwendo wake, asimiminiwe. Kisha huwekwa begani acheue.

Tulimweleza Bibi hayo. Akatuuliza kopo la maziwa likiisha atapata wapi jingine. Wanajumuiya wake wameanza kuchangishana.