Stesheni ya Rolandseck na Ubishi wa Ukoo Wetu

Katika ukoo wetu, hoja ya majengo ya reli ya Mjerumani haijawahi kupoa, na miaka mingi nilikuwa upande wa wanaosema yavunjwe. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, kando ya ile reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893. Babu alitusimulia kazi za shuruti, kwa hiyo mtu akinitajia "urithi" nilikuwa namtazama tu.

Kilichonigeuza ni stesheni ya Rolandseck, ukingoni mwa mto Rhine, kusini kidogo ya Bonn ninakofanya kazi ya uuguzi. Wauguzi wenzangu ndio walionipeleka, kwa treni ya kawaida inayosimama kila kituo.

Reli ilifika hapo mwaka 1856 ikaishia hapo hapo. Abiria walishuka na kupanda meli za mvuke kuendelea na safari mtoni, na matajiri walikuja kustarehe. Ndiyo sababu stesheni ya mahali padogo hivyo ina ukumbi wa sherehe na roshani ya chuma inayotazama mto na vilima vya ng'ambo. Miaka michache baadaye reli ikasogezwa mbele, meli zikapoteza abiria wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili jengo lilichakaa hadi shirika la reli likataka kulibomoa.

Hapo ndipo alipoingia Johannes Wasmuth, mfanyabiashara wa sanaa wa Bonn. Mwaka 1964 alilichukua lile gofu akaanza kuwaita wasanii: mpiga piano Stefan Askenase, wachoraji, hata Marcel Marceau, yule mwigizaji asiyesema neno. Walipiga muziki huku treni zikipita nyuma ya ukuta. Sijui kama mimi ningevumilia.

Leo ni makumbusho ya msanii Hans Arp. Unakata tiketi katika stesheni kongwe, unapita njia ya chini kwa chini, kisha lifti inakupandisha ndani ya mlima hadi jengo jeupe la msanifu majengo Richard Meier, lililofunguliwa mwaka 2007. Lakini mimi nilivutiwa zaidi na mkahawa wa chini. Treni ya mizigo ilipopita, kijiko kililia juu ya kisahani, maji yakatikisika glasini, na hakuna aliyeinua kichwa. Nje, kijana mwenye baiskeli alikuwa akisubiri treni ya kwenda Remagen. Lile jengo halijastaafu, limeongezewa kazi.

Tangu siku hiyo nimehama upande. Shuruti ya babu zetu haifutiki kwa kubomoa ukuta, na ukuta ukiwa mzima mtoto ataonyeshwa kwa kidole nani aliubeba. Ila sitaki uzungushiwe seng'enge na kibao cha "usiguse".

Kaka yangu aliniuliza kwenye simu, "Dada, huko kuna fedha. Hapa nani atalipa?" Ana haki ya kuuliza. Jengo la Meier lilijengwa kwa mamilioni ya yuro ya serikali. Wasmuth, hata hivyo, alianza miaka kama arobaini kabla ya hayo mamilioni, akiwa na piano na marafiki. Nimependekeza tuombe chumba kimoja tu cha stesheni yetu ya Korogwe, kiwe cha mafundi cherehani na picha za wazee waliofanya kazi relini, abiria waendelee kukata tiketi dirisha la pili. Mjomba anaunga mkono. Kaka bado anadai kwanza tukakague paa.