Jumlisha Sita

Mama aliposikia kwamba chuoni nashinda nahangaika na kodi, alifurahi. Kwa mtu wa Tunduma kodi ni kitu kimoja tu. "Basi ukimaliza utaingia TRA," akasema, na ndani ya wiki moja majirani wote walijua kwamba mtoto wake atakaa mpakani na sare. Nilimweleza kwamba kodi ninayoisoma mimi ni maandishi tunayoiandikia kompyuta ili ijue la kufanya. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Na hiyo inalipwa na nani?"

Nilicheka. Jibu nilikuja kulipata mwaka huu, getini kwa baba mdogo.

Nasoma shahada ya uzamili Mbeya. Mada yangu nikiitaja, watu huangalia simu zao: naboresha komenti na maelekezo ya zana ya kuchorea madirisha ya programu. Komenti ni ile mistari ndani ya kodi ambayo kompyuta huiruka. Katika Python huanza kwa alama ya reli, na kinachofuata baada ya alama hiyo ni cha binadamu: kwa nini mstari huu upo, nani aliuhitaji, nini kitaharibika ukiuondoa.

Zana yenyewe inaitwa Qt Designer. Ukiitumia huandiki dirisha, unalichora. Unavuta kitufe kwa kipanya, unakiweka unapotaka, unaongeza kisanduku cha kuandikia, unahifadhi. Kinachohifadhiwa ni faili la .ui, ambalo programu ndogo iitwayo pyuic5 hulibadilisha kuwa Python. Juu ya faili hilo la Python kuna onyo: ukilirekebisha kwa mkono, marekebisho yako yatapotea siku litakapozalishwa upya. Kwa hiyo hata ukitaka kumwachia neno atakayekuja baada yako, humo si mahali pake. Na usipovipa vitu vyako majina, Designer itavipa yenyewe: pushButton, pushButton_2, pushButton_3. Nimewahi kukuta dirisha lenye lineEdit_27. Ni kama ukoo unaoita watoto kwa namba.

Designer inakuruhusu pia kuongeza vipande vyako mwenyewe. Dada mmoja aliyenitangulia chuoni alitengeneza vipande vya fomu zetu za hapa: kisanduku cha namba ya simu, cha namba ya gari, cha shilingi, cha saa. Akahitimu, akaenda zake. Kila kipande cha namna hiyo kina sehemu mbili za kujieleza. Moja, toolTip, ni maneno mafupi yanayotokea ukisogeza kipanya juu yake. Nyingine, whatsThis, ni maelezo marefu kidogo. Katika vipande vyake vyote, sehemu hizo zilikuwa na alama mbili za kunukuu zisizo na kitu katikati. Unakiuliza kipande, wewe ni nini? Kinanyamaza.

"Usiongeze kitu kipya," msimamizi wangu aliniambia. "Eleza kilichopo." Nilijisikia kudharauliwa. Wenzangu walikuwa wanaifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya mahindi kwa picha, na mimi nimepewa kazi ya kuandika maelezo ya kazi ya mtu mwingine. Nadhani ndiyo maana niliamua kwamba, pamoja na kueleza, nitasafisha.

Ilikuwa saa saba usiku, hosteli kimya. Kwenye kona ya skrini paliandikwa 01:10. Ndani ya kipande cha saa nikakuta kifungu cha kodi kilichoitwa f2, na mwishoni mwake kuna mstari unaojumlisha 6. Sita ya nini? Hakuna komenti. Nikafanya jaribio. Nikaandika 8, nikachagua mchana. Likatoka jibu 14. Nikajiambia, ndiyo hii, kosa limepatikana: nane imekuwa kumi na nne. Nikaifuta ile sita. Nikajaribu tena, nane ikatoka nane. Kwenye kumbukumbu ya mabadiliko nikaandika, "Nimeondoa namba isiyo na maana." Nikalala vizuri.

Sasa nije kwa baba mdogo. Ana yadi ya malori Tunduma, upande wetu wa mpaka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019 ili ukaguzi wa Tanzania na Zambia ufanyike mahali pamoja, lakini Tunduma bado ni mji wa karatasi. Lori la kwenda Lubumbashi linaweza kuwa na injini nzima na dereva mzima, na likalala kwa sababu hati moja haijatimia. Wakati linasubiri, lazima likae mahali. Kwa baba mdogo mchana ni bure, usiku ni shilingi 5,000. Likiingia kabla ya saa 12 asubuhi linahesabiwa limelala. Likiingia baada ya hapo, halidaiwi kitu mpaka usiku unaofuata.

Anayepokea pesa ni mlinzi wa geti, mzee aliyekuwepo hapo tangu yadi ikiwa na uzio wa mabati upande mmoja tu. Anaandika kila gari kwenye kaunta buku. Jioni binamu yangu anayaingiza maandishi hayo kwenye kompyuta, katika dirisha nililomchorea baba mdogo likizo ya mwaka jana kwa vipande vya yule dada. Lilifanya kazi miezi minane bila lawama. Pasaka nilipokwenda nyumbani, niliwawekea toleo jipya. Toleo safi.

Wiki mbili baadaye baba mdogo akanipigia simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. "Mzee ananiibia," alisema. Magari 23 yalikuwa yamelala na pesa yake haionekani. Shilingi 115,000. Alikuwa ameshamkata 40,000 kwenye mshahara, iliyobaki angemkata mwezi ujao, na baada ya hapo wangeagana. "Kompyuta haina ndugu, haimwonei mtu. Umenifumbua macho, mwanangu."

Naona aibu kuandika hili, lakini nilijivunia. Kwa saa kadhaa nilitembea chuoni nikiwaza kwamba kazi yangu, hata kama haina mahindi wala picha, imekamata mwizi. Usiku ndipo nilipomkumbuka mzee mwenyewe. Nikiwa darasa la tano alinirudisha nyumbani kwa mguu, mvua inanyesha, kwa sababu basi la shule liliniacha. Ijumaa nikapanda Coaster. Mlowo, Vwawa, Tunduma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Siku zote huniuliza masomo yanakwendaje. Safari hii hakuuliza. Aliingia kibandani, akatoka na kaunta buku, akaniwekea mikononi. "Wewe umesoma. Basi soma."

Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikasoma. Safu ya namba ya gari, safu ya kuingia, safu ya kutoka, safu ya pesa. Na pembeni, kwa mwandiko mdogo, maneno ambayo binamu hakuwahi kuyaingiza popote kwa sababu dirisha langu halikuwa na mahali pa kuyaweka. "Pancha, limetoka saa 5." "Dereva kapelekwa hospitali, limelala 2, kalipa 1, tajiri anajua." "Limebadilisha tela." Kila kitu ambacho mtu angekuja kukihoji kilikuwa kimejibiwa kabla hakijahojiwa. Kwa miezi sita nilikuwa nasomea kuandika komenti, na komenti nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona zilikuwa kwenye daftari la mlinzi.

Tukaita kompyuta na daftari tukavilinganisha, mstari kwa mstari. Gari la kwanza kati ya yale 23: daftari linasema limeingia saa 2 asubuhi. Skrini inasema 02:00.

Damu ilinishuka. Lori lililoingia saa mbili asubuhi, jua limeshatoka, mama lishe wa jirani ameshaweka chai mezani, kompyuta ililiona limeingia saa nane usiku. Likadaiwa usiku ambao halikulala. La pili, saa 3 asubuhi, 03:00. La tatu hivyo hivyo. Sita ilikuwa umbali kati ya saa tunayoisema na saa inayoandikwa na mashine. Saa nane mchana ni 14:00. Jaribio langu la usiku ule lilikuwa limetoa jibu sahihi kabisa, na mimi nikaliita kosa.

Kinachoniuma si kwamba sikujua. Bibi ndiye aliyenifundisha saa, kwenye ile ya ukutani: mshale mfupi ukielekeza nane, tunasema saa mbili. Nimeishi hivyo maisha yangu yote. Lakini nilipofungua kodi niliiacha saa yangu nje, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Nilichukulia kwamba humo ndani saa zote ni za Kizungu.

Namba isiyosema ni ya nini imewaumiza wakubwa kuliko mimi. Septemba 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama za metriki. Lakini chombo kile hakikuwa na mshahara wa kukatwa, wala hakikukaa getini wiki mbili kikiitwa mwizi.

Nilimwambia baba mdogo mbele ya mzee, kwa sababu aliyetuhumiwa mbele za watu husafishwa mbele za watu. "Kosa ni langu."

"Kwa hiyo kompyuta ilidanganya?"

"Haikudanganya. Nilifuta kitu bila kuuliza."

Baba mdogo alikaa kimya, kisha akatoa pochi. Mzee alizihesabu zile 40,000 mara mbili, akafungua kaunta buku, akaandika pembeni: "Zimerudi. Kosa la kompyuta." Nikamwomba arekebishe, aandike kwamba kosa ni langu. Akasema pembeni nafasi haitoshi.

Jioni hiyo niliirudisha sita, nikaandika juu yake:

# Saa za Kiswahili. Saa 1 asubuhi ni 07:00, kwa hiyo tunajumlisha 6. Usifute.

Nikamsomea. Akasikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Saa za wapi?"

"Za kwetu, mzee."

"Kwetu wapi? Hapo ng'ambo ni Zambia. Dereva akitoka Nakonde, simu yake inaweza kuwa bado nyuma saa nzima. Anakuambia nimefika saa fulani, na mimi saa yangu inasema nyingine. Huwa naandika yangu. Hilo umeliandika?"

Sikuwa nimeliandika. Nikaongeza mstari wa pili:

# Ni saa ya mlinzi wa getini, upande wa Tanzania. Si ya dereva. Zambia iko nyuma kwa saa 1.

Niliporudi chuoni nilimtafuta yule dada kwa ujumbe, nikamuuliza kwa nini hakuweka hata neno moja kwenye ile sita. Akajibu: "Niliona kila mtu anajua." Nilikaa na jibu hilo muda mrefu. Alikuwa na haki. Kila mtu anajua. Mimi pia nilijua.

Msimamizi aliomba maelekezo yawe kwa Kiingereza ili wa nje nao wasome. Nimeandika kwa lugha zote mbili, Kiswahili kikitangulia, kwa kuwa kinachoelezwa ni cha Kiswahili. Mfano wa kwanza ni mstari kutoka kaunta buku la mzee, bila namba ya gari. f2 sasa inaitwa saa_ya_kusema_kuwa_ya_mashine. Jina refu, lakini linajibu likiulizwa. Ukisogeza kipanya juu ya kisanduku cha saa, yanatokea maneno manne: "Andika saa kama unavyoisema." Na dirisha la baba mdogo lina kisanduku kipya upande wa kulia, kinachoitwa Pembeni.

Jumamosi iliyopita binamu alinitumia picha. Mzee ameanza kaunta buku jipya. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya gari lolote, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Saa za Tanzania."