Mchungaji wa Kamachumu na Binti za Selofehadi

Sisi Wahaya tunawazika watu wetu nyumbani, ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni. Kwa hiyo anayemfukuza mjane kibanjani anamfukuza pia kwenye kaburi la mumewe. Kamachumu ya miaka ya 1980, nilikozaliwa, ilikuwa na makaburi mengi mapya. Mwaka 1983 Hospitali ya Ndolage, ya Kanisa la Kilutheri, mwendo wa miguu kutoka kwetu, ilibaini wagonjwa watatu wanaohesabiwa kuwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania. Jina hilo lilikuwa bado halijatufikia. Watu waliuita ugonjwa wa Juliana, jina la nguo za magendo zilizovushwa kutoka Uganda. Wengine walisema ni kurogwa. Kanisani wengi walisema ni adhabu ya Mungu kwa wazinzi, wakaona neno hilo limetosha.

Mchungaji wa usharika wetu hakulitamka hata siku moja. Nilikulia chini ya mahubiri yake, na ninaandika haya kwa sababu maisha yetu yaliokolewa na mambo aliyoyaamini.

Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mbishi wa hoja. Siku yake ilianza gizani, akiwa na Mama Mchungaji kibanjani, wakipunguzia migomba majani makavu na kutandaza nyasi shinani. Hawakuwa na njia nyingine ya uhakika ya kuishi. Posho yake ilitoka kwenye sadaka, sadaka ilitoka kwenye kahawa, na fedha za kahawa zilifika zilipotaka. Kulipokucha vizuri alinawa, akavaa kola yake, akafunga mkoba nyuma ya baiskeli na kwenda kuwaona wagonjwa. Ndani ya mkoba mlikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, kikombe na sahani ndogo ya Chakula cha Bwana vilivyofungwa kwenye kitambaa cheupe, na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni ilikuwa adimu miaka ile. Watu walipanga foleni kuipata, naye alitembea nayo kwa ajili ya kuwaogesha watu ambao ndugu zao walikuwa wanaogopa kuwagusa.

Sisi wanafunzi wa kipaimara alitupangia zamu ya kufuatana naye. Wazazi walilalamika. Aliwajibu kwamba Katekisimu ya Luther tutaijua kwa moyo, lakini namna ya kukaa na mgonjwa hatutajifunza darasani.

Zamu yangu ilipofika tulikwenda kwa kijana mmoja aliyekuwa dereva Mwanza, amerudishwa nyumbani na ndugu zake. Sakafu ilitandikwa nyasi mpya. Mama yake alituletea kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya kumkaribisha mgeni, kisha akasimama mlangoni na kuanza kulia. Midomo ya yule kijana ilikuwa imejaa vidonda. Mchungaji alimwinua taratibu, akamwegemeza kifuani pake, akampa mkate kidogo uliolowekwa kwenye divai, kisha akamshikia kikombe anywe. Mzee wa kanisa tuliyekuwa naye aliinamisha macho, wala hakupokea kikombe kilipomfikia. Mchungaji hakumlazimisha. Alikichukua, akanywa yeye iliyobaki yote, akakifuta, akakifunga kwenye kitambaa chake, akaendelea na sala kama kawaida.

Njiani nilimuuliza kama haogopi. Akasema wauguzi wa Ndolage walikwisha kumweleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, na kwamba Mungu ametupa akili ili tuwasikilize wanaojua. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Imani yake haikugombana na elimu hata kidogo. Aliwaalika wauguzi waje kuzungumza baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mabenchi. Katika mafundisho ya ndoa alizungumzia kondomu waziwazi, wakati ambapo wachungaji wengi hawakuthubutu kulitaja neno hilo ndani ya uzio wa kanisa. Alifundisha uaminifu wa ndoa kwa nguvu kuliko mtu yeyote, lakini alisema mke ambaye mumewe anasafiri ana haki ya kuishi.

Kwenye nidhamu ya kanisa pia alibadilisha mambo. Zamani msichana akipata mimba nje ya ndoa alizuiwa Chakula cha Bwana, akakalishwa nyuma hadi atubu mbele ya usharika, ilhali mwanamume aliendelea kuimba kwaya. Yeye akaweka sharti moja kwenye baraza la wazee: shauri la namna hiyo halifunguliwi mpaka baba wa mtoto naye aitwe. Mashauri yakapungua ghafla.

Mageuzi haya hayakuwapendeza wote. Kwetu moto wa Uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ulikuwa bado unawaka, na ndugu wa Uamsho walikuwa watu wa toba ya kweli, wakarimu, wakali dhidi ya dhambi. Baadhi yao walimwona amelegeza injili. Barua za kumshitaki zilikwenda dayosisini Bukoba. Yeye aliendelea kwenda kwenye mikutano yao ya ushirika, akakaa miongoni mwao na kuimba nao, kwa sababu aliwahesabu kuwa ndugu zake hata walipomwandikia barua hizo.

Jambo alilolisimamia kuliko yote lilikuwa wosia. Wanaume wa kwetu waliogopa kuandika, wakiamini kwamba anayeandika wosia anakiita kifo. Mchungaji aliwazungukia jioni, mmoja mmoja, akiwa na daftari. Alijua kanuni za urithi za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinavyotaka: wosia wa mtu anayejua kusoma na kuandika uwe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Nakala aliziweka kwenye kabati la usharika pamoja na vitabu vya ubatizo. Baba yangu aliandika wa kwake akiwa tayari anakohoa. Alifariki mwaka 1987, akamwacha mama na mabinti tu.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa. Baba mkubwa alisema wosia ule hauna nguvu, kwa kuwa ardhi ya ukoo haiendi kwa wasichana. Kwa kanuni zile za 1963 mwanamke angeweza tu kuitumia ardhi hiyo maisha yake yote, bila kuiuza. Akaongeza kwamba shemeji yake atachukuliwa na mmoja wa ndugu wa marehemu, kama ilivyo mila. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga khanga kichwani, kimya.

Mchungaji aliomba ruhusa ya kusema, akafungua Hesabu sura ya 27. Akawasimulia binti watano wa Selofehadi, ambaye alikufa bila mtoto wa kiume: walivyosimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote kudai urithi wa baba yao, Musa akalipeleka shauri kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki. Sheria ya Israeli ikabadilishwa kwa sababu yatima wa kike walithubutu kuuliza.

Baba mkubwa naye alikuwa mzee wa kanisa, aliyekijua Kitabu. Alimwambia, “Mchungaji, umesahau sura ya 36.” Na kweli, pale wakuu wa ukoo walirudi kulalamika, na binti wale wakaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Mchungaji alifurahi waziwazi kwamba mzee anasoma. Akamjibu: “Sawa, mzee wangu. Lakini nionyeshe mstari, katika sura hiyo, unaowanyang’anya kile walichopewa.” Hakuna aliyeuonyesha. Wazee walibishana mpaka jioni, kikao kikaahirishwa na kuitishwa tena mara kadhaa, na mwishowe walichoka. Mama alibaki kibanjani bila kurithiwa na mtu. Kaburi la baba lipo pale hadi leo, na mama amezikwa kando yake.

Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Shauri hilo lilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani kwetu Muleba. Jaji alisema mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi aliyoirithi wakati mwanamume anaruhusiwa ni ya ubaguzi na inapingana na Katiba. Mwaka huohuo kanisa letu la Kilutheri, KKKT, liliridhia wanawake wawe wachungaji, na wa kwanza walibarikiwa mwaka 1991. Kwetu mimbari ilikuwa imekwisha kuwazoea. Kwa miaka mingi Mchungaji alikuwa akimkaribisha kuhubiri mwanamke aliyesoma theolojia Makumira na kurudi bila kubarikiwa, na yeye mwenyewe alikaa benchi la mbele, akiandika.

Baadaye alihamishiwa usharika mwingine, na wosia zile akamkabidhi mrithi wake kabatini, zimeandikwa majina na tarehe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekataa mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo, wajane bado wanafukuzwa, na nimekaa nao. Wengi wao ni waumini, waliolipa ahadi zao za sadaka kila mwaka, na siku ya kikao hawakumwona kiongozi yeyote wa kanisa. Huwa nawaambia wachungaji vijana kwamba ibada ya mazishi haiishi kaburini. Nenda kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga, ukae upande wa mjane, uwe umemsaidia mumewe kuandika wosia tangu akiwa mzima. Fungua Hesabu 27, na uwe tayari kujibu ya 36, maana hakika kutakuwa na mzee anayeijua.