Kila Jioni Tulimwuliza, "Umepata?"



Mwaka 2021 mtoto wetu wa mwisho alihitimu shahada ya uhasibu, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Tulichinja mbuzi, majirani wakaja, na picha yake ikatundikwa sebuleni. Tangu siku ile tukaanza kuungoja mshahara wake kama mkulima anavyongoja mvua za vuli.

Tunaandika haya sisi wazazi wake wawili, maana kosa tulilifanya wote. Sisi ni walimu, sasa tumestaafu, na tunaishi hapa Morogoro. Tulipomaliza chuo cha ualimu mwaka 1983 hatukutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyotutafuta. Serikali ilimpangia mhitimu kituo, barua ikaja, ukafunga sanduku ukaenda. Kwa fani nyingi utaratibu huo ulikwisha miaka ya 1990. Siku hizi nafasi za serikali hutangazwa, mwombaji hupeleka maombi yake kwa mtandao kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kisha akibahatika huitwa kwenye usaili kushindana na wenzake wengi. Hayo tuliyajua kwa kusikia, lakini mioyo yetu ilikuwa imebaki mwaka 1983.

Miezi ya mwanzo tulikuwa wapole. Tulimpa fedha za kutoa nakala za vyeti, za wakili wa kuzithibitisha, na nauli ya kwenda Dodoma kwenye usaili. Alikwenda mara mbili, na mara mbili alirudi bila kitu. Ulipokaribia kutimia mwaka, ndimi zetu zikabadilika. Kila jioni aliporudi tulimwuliza neno moja tu: "Umepata?" Akijibu "bado", tulinyamaza, na ukimya ule aliuelewa vizuri. Tulimtajia binti wa jirani aliyeajiriwa benki. Mezani tulisema, bila kutaja jina, kwamba watoto wa siku hizi wanachagua kazi kama wanaochagua kanga dukani. Akaanza kukaa mezani mwisho, akisema ameshiba. Jumapili alitoka kanisani kabla ya watu ili asiulizwe.

Mwezi Oktoba 2022 alituletea habari kwamba ofisi moja mjini ina nafasi ya karani wa hesabu. Jumamosi moja jioni akatuambia kwamba mkubwa wa pale anamwita "kumalizia mazungumzo". Hatukuuliza kwa nini ofisi izungumze Jumamosi jioni. Hatukuuliza ni wapi. Mmoja wetu alitoa noti ya shilingi 5,000 ya nauli, na mwingine akamsindikiza hadi mlangoni akisema, "Nenda mwanangu, leo usirudi mikono mitupu."

Katika maneno yote tuliyowahi kumwambia mtoto, hayo ndiyo tunayoyajutia zaidi.

Saa tatu usiku shangazi yake alipiga simu kusema kwamba binti yuko kwake na atalala huko. Kesho yake baada ya ibada alikuja naye, akatukalisha kama wanafunzi. Mahali alipoitwa binti yetu palikuwa nyumba ya wageni. Aliteremka kwenye daladala, akaiona ile nyumba ng'ambo ya barabara, akakaa kituoni. Daladala zikapita, naye amekaa tu. Alikuwa akipima mambo mawili: yule mtu, na sisi. Mwishowe akapanda gari la kwenda kwa shangazi, si la kurudi nyumbani.

"Kaka, na wewe wifi," alisema shangazi, "mtoto huyu alikuwa anawaogopa ninyi kuliko yule mwanamume."

Hatukuwa na jibu. Siku ile ile tulimwomba binti yetu msamaha. Haikuwa rahisi, kwani katika malezi tuliyolelewa mzazi haombi radhi kwa mtoto. Yeye alilia, nasi tukalia.

Baadaye tulijifunza kwamba kumtaka mtu ngono ili apewe kazi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kwamba TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Binti yetu hakutaka kwenda kutoa taarifa. Mazungumzo yote yalikuwa ya mdomo, na ujumbe mmoja aliotumiwa alikwisha kuufuta kwa aibu. Laiti angekuwa na wazazi wa kuwaonyesha ujumbe ule! Hilo linatuuma hadi leo.

Februari 2023 mwenye duka moja la pembejeo karibu na soko alihitaji mtu wa kumwekea vitabu vya hesabu, kwa mshahara wa shilingi 180,000 kwa mwezi. Zamani tungeguna: shahada nzima kwenye duka la mbolea? Safari hii tulimwuliza, "Kazi yenyewe ikoje?" Akatueleza jinsi madeni yalivyoandikwa kwenye vipande vya maboksi, jinsi alivyohesabu mifuko stoo na kulinganisha na risiti za mashine, na jinsi alivyogundua wakulima waliokwisha kulipa ambao bado walikuwa wanadaiwa. Alisimulia huku anacheka, na chakula kikapoa. Tulikuwa hatujamsikia akicheka kwa muda mrefu.

Hadithi yetu haijaishia kwenye ofisi kubwa. Bado anapeleka maombi serikalini, na usiku anajisomea mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Lakini sasa ana uzoefu wa kuandika kwenye barua zake, na yupo mtu anayeweza kuieleza kazi yake.

Mama mwenzetu, kama una mhitimu nyumbani, mtengee nauli na fedha za intaneti kadiri uwezavyo. Mwombe akuonyeshe tangazo la kazi. Uliza usaili uko wapi, saa ngapi, na ataonana na nani. Asiulizwe kwa kushukiwa, bali kwa kulindwa. Usimpime kwa mtoto wa jirani. Na kazi ndogo ya halali akiipata, ipokee kwa furaha ile ile uliyompokea nayo siku ya joho.

Neno "Umepata?" tumeliacha nyumbani kwetu. Jioni tunamwuliza, "Leo umekutana na nini?" Kisha tunanyamaza, naye anasimulia.