Megabaiti 32

PlayStation 2 ina megabaiti 32 za memori. Nilikuwa darasa la sita nilipoijua namba hiyo, kwa sababu mjomba alikuwa akiitaja kila mtoto alipolalamika kwamba gemu inakwama. "Megabaiti 32 hizo, unataka ikupikie na chai?" Kibanda chake cha gemu kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya bibi, Ngamiani, Tanga: TV nne za chogo, mabenchi, feni moja, na waya uliotoka kwenye mita ukizunguka ukuta mzima. Sony walikuwa wameshaacha kuziunda mashine zile tangu 2013, ila kwetu ndiyo kwanza zilikuwa zinalipa.

Utaratibu ulikuwa ule wa kila kibanda. Mnacheza mechi ya mpira, aliyefungwa analipa na kupisha. Gemu ya San Andreas ilikwenda kwa dakika, na hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi, maana hakuna mtoto aliyekubali kwamba dakika zake zimekwisha. Mjomba aliniweka nikae na kisahani cha hela baada ya shule na Jumamosi kutwa. Mama hakupenda. Alisema mtoto wa kike hakai na wahuni. Mjomba akamjibu, "Dada, wahuni wenyewe wako darasa la tatu," na kwa kweli wengi walikuwa hivyo. Waliniita dada hata walionizidi umri, kwa kuwa saa nilikuwa nayo mimi.

Kazi ya kupokea hela inachosha haraka. Ya matengenezo haikunichosha. Pedi za PlayStation 2 zina ugonjwa mmoja unaojulikana: ndani kuna utepe mwembamba wenye njia za umeme, na nyuma yake kisponji kinachoubana kwenye bodi. Kisponji kikinywea, vitufe vinagoma, kimoja leo, kesho vitatu. Dawa yake ni kipande cha boksi la sigara, kikunjwe mara mbili, kipachikwe palipolegea, skrubu zirudi. Nilikuwa naokota maboksi hayo mbele ya duka la jirani, na mama alipoyakuta kwenye mkoba wa shule kulikuwa na kikao cha familia.

Lenzi zilipochoka, pamba na spiriti zilisaidia kwa muda, kisha hazikusaidia tena. Hapo mjomba akaleta memori kadi zilizotiwa programu ya Free McBoot, na gemu zikawa zinasomwa kutoka kwenye flashi. Zilikuwa nakala za magendo, kama za vibanda vyote nilivyovijua, na sitajifanya vinginevyo. Kilichonivuta ni mambo mawili yaliyotokea baada ya hapo. La kwanza, San Andreas ilianza kuchelewa kuchora barabara. Ukikanyaga mafuta, gari lilikuwa linafika mahali ambapo mji bado haujafika. La pili, gemu kubwa haikukubali kuingia kwenye flashi mpaka ikatwe vipande. Nilimuuliza mjomba kwa nini. Akasema ndivyo zilivyo.

Jibu la jambo la kwanza ni kwamba tundu la USB la mashine ile ni toleo la 1.1, ambalo kikomo chake ni megabiti 12 kwa sekunde, na gemu inayobeba mji mzima inahitaji kusoma haraka zaidi ya hapo. Jibu la jambo la pili nililipata chuoni Dar es Salaam. Mwalimu alikuwa anaeleza mfumo wa faili wa FAT32, ule ule wa flashi zetu, akaandika ubaoni 4,294,967,295, akasema ukubwa wa faili unaandikwa kwa biti 32 na namba hii ndiyo kubwa kuliko zote zinazoenea humo. Nilicheka kwa sauti na watu wakageuka. Nilikuwa nimezikata faili zile miaka mitatu mfululizo.

Kuhusu chuo nina machache ya kusema. Tulijifunza lugha ya C kwa chaki, na mtihani wake tuliandika kwa kalamu. Wenzangu walilalamikia hilo. Mimi naona lilinisaidia, kwani kwenye karatasi huna pa kubonyeza ili ujue kama umepatia, inabidi uikimbize programu kichwani mwako mstari kwa mstari. Python nilijifunza mwenyewe, na injini ya Godot pia, ambayo Waargentina wawili waliifungulia watu wote msimbo wake 2014. Niliichagua kwa sababu ni ya bure na kwa sababu ilikubali kufunguka kwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye betri iliyokufa.

Chakula na nauli nilivipata Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi simu aliyenipa nusu ya meza na taa. Nilibadilisha vioo na matundu ya chaji, nikafleshi simu zilizogoma kuwaka. Pale ndipo nilipoiona hali halisi ya watu ninaotaka wacheze gemu zangu. Simu ina gigabaiti moja au mbili za memori, nafasi yote imejaa video za vikundi vya harusi, na mwenye simu anakuambia, "Dada, futa chochote, picha za mtoto tu uniachie." Nilikuwa nafuta gemu kwanza. Kila fundi huanzia hapo. Ukitaka gemu yako ibaki kwenye simu ya namna hiyo, iwe ndogo kiasi kwamba kuifuta hakumsaidii mtu. Darasani hakuna aliyenifundisha hilo, na silioni kwenye mafunzo ya mtandaoni yanayotengenezwa na watu wenye kadi za michoro za bei ya pikipiki.

Mradi wa mwaka wa mwisho ulipofika, darasa zima likaandika mifumo: mfumo wa zahanati, mfumo wa hosteli, mfumo wa maktaba. Nadhani nchi hii ina mifumo ya hosteli mingi kuliko hosteli. Mimi nikaandika gemu ya bao, kwa Godot. Msimamizi wangu aliniuliza nani atakayeniajiri kwa bao, kisha akatia saini.

Nilidhani itakuwa kazi ndogo. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila shimo ni namba moja, kwa hiyo mchezo mzima, pamoja na kete zilizo mkononi na zamu ni ya nani, haufiki baiti 40. Kwa mtu aliyelelewa na megabaiti 32, huo ni utajiri. Lakini uzito wa bao haumo kwenye kuhifadhi, umo kwenye kanuni. Unaanza na kete sita kwenye shimo liitwalo nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 ziko mkononi, na unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja. Ukila, kete ulizokula zinaanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa mstari wa mbele. Lakini kichwa kipi? Ukila kwenye kichwa au kwenye kimbi, shimo linalokifuata, upande umeshaamuliwa. Ukila katikati, unachagua, na ukishachagua unaendelea na upande huo mpaka ulale, yaani zamu yako iishe, isipokuwa ukila tena kwenye kichwa au kimbi. Kisha kuna nyumba. Kete yako ya mwisho ikiingia nyumbani na mbele yake hakuna cha kula, una hiari ya kulala au kusafiri, yaani kuzitawanya kete zake, na hiari hiyo ukiitumia vibaya mchezo umekwisha kabla hujafika mtaji, hatua ya pili ya bao. Mtoto wa Tanga anajua haya yote kwa vidole. Kuyaandika kwa namna ambayo kompyuta haitabaki na shaka kulinila likizo nzima.

Siku moja programu ilisimama. Haikuonyesha kosa lolote, ilikuwa inazungusha kete tu. Nilidhani nimesahau sharti la kulala, nikapitia kila mstari. Baadaye nikaona kwamba iko mikao ya bao ambayo mwendo wake ukianza hauna kikomo, na wachambuzi wa michezo walishaliandika jambo hilo. Mmoja wao, Mholanzi Alexander de Voogt, ambaye kitabu chake kuhusu umahiri wa bao kilitoka 1995, alikaa Zanzibar na mafundi wa bao wenyewe. Nikaweka kikomo cha mizunguko, nikasonga mbele.

Akili ya mpinzani niliiandika kwa minimaksi na kupogoa kwa alfa-beta: kompyuta inafikiria mwendo wake, kisha jibu lako, kisha jibu la jibu lako, inaachana na matawi yasiyo na faida. Mwishoni mwa kila tawi lazima itoe alama, na mimi nilihesabu kete. Mwenye nyingi ana alama nyingi. Ilinishinda mimi, ikawashinda wenzangu wa hosteli. Likizo nikaipeleka Ngamiani, kwenye baraza ambako mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu, hucheza kila baada ya Alasiri. Nikamwekea simu mkononi.

Alicheza kimya, miwani imeshuka puani. Akashinda. Akacheza tena, akashinda tena, mara hii akiongea na wenzake mambo ya bei ya nazi.

"Mwanangu," akasema, "huyu wako mlafi. Anakula kila anachokiona. Nimemwachia kete, kazifuata, mbele kwake kumebaki kweupe."

"Nimfundishe nini, babu?"

"Mfundishe kuogopa kwanza. Halafu mbona hana sauti? Kete zinaruka tu. Mimi najua mwenzangu kafika wapi kwa kusikia."

Nilichukua yote mawili. Hesabu ya kete nikaipunguzia uzito, nikaongeza alama kwa mashimo ya mbele yenye kitu ndani na kwa idadi ya njia zilizobaki za kula. Sauti nilirekodi kwa simu, komwe halisi, zile mbegu zinazotumika kama kete, zikidondoka kwenye ubao wake, shimo tupu peke yake na shimo lililojaa peke yake, maana hazilii sawa. Nikaipunguza pia kasi, kete ziwe zinatembea kama mkono wa mtu. Toleo la mwisho niliachana na Godot, nikaliandika kwa Kotlin tupu, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito ilikuwa ya injini yenyewe na bao halina haja nayo. Likashuka chini ya megabaiti tano, nyingi za hizo zikiwa sauti za komwe.

Mei 2024 mikongo miwili ya baharini ilikatika kwa pamoja na intaneti ikawa ya kubahatisha Afrika Mashariki nzima. Hosteli yetu ilikaa kama imefiwa. Bao langu, ambalo halihitaji bando, likapita chumba hadi chumba kwa Bluetooth. Hao ndio wachezaji wengi zaidi niliowahi kupata, na sikupata hata shilingi.

Swali la hela nalijua. Wateja wangu hawana kadi za benki, wana M-Pesa, na matangazo kwenye gemu isiyotumia intaneti hayaonekani. Wenzangu wanaotaka kuunda vita vya magari yanayong'aa wananiambia najipunguzia mwenyewe. Mimi nawatajia Wesley Kirinya wa Kenya, aliyetengeneza gemu ya Nyangi 2007, wakati mikongo ya baharini ilikuwa bado haijatufikia, na Kiro'o Games wa Kamerun waliotoa Aurion 2016. Hao walianza na walichonacho. Mimi nilichonacho ni simu za Aggrey.

Gemu ninayoiandika sasa ni ya konda wa daladala. Abiria wanapanda, mmoja anatoa noti ya elfu kumi, mwingine anadai alishalipa, wa tatu ni mwanafunzi na nauli yake ni ndogo, na dereva hasubiri. Hesabu ya chenji ndiyo silaha. Michoro naifanya mwenyewe na ni mibaya. Natafuta mchoraji wa kugawana naye mapato ambayo bado hayapo, na wawili wameshanicheka. Nataka baadaye nisome shahada ya uhandisi wa programu, jioni kama ikibidi, kisha nifungue karakana ya gemu Tanga, ambako kodi ya chumba inalipika.

Mwezi ujao naanza kazi kwenye kampuni ya kufunga mitandao maofisini. Ni nyaya na ngazi, mshahara wake unatosha pango na kitu kidogo kwa mama. Mama amefurahi kwa sababu wafanyakazi wake wana sare. Konda atakuwa kazi ya usiku.