Kila Mwamba Ngoma

Tasnifu yangu ya Uzamili yategemea programu ndogo ya kuchambua msamiati wa tenzi, iliyojengwa juu ya maktaba za msimbo zilizoandikwa na wengine. Kompyuta kongwe ya idarani ina kompaila ya GCC 4.8, yangu ina GCC 13. Nazo kompaila, kama wahenga walivyonena, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwaka 2015, GCC 5 ilibadilisha namna C++ inavyohifadhi mfuatano wa herufi. Maktaba ya kale yenye kupokezana maneno na programu mpya ikakataa kuungana nayo. Ndiyo maana kila kompaila nimeitengea folda yake. Ninachokitunza kama mboni ya jicho ni msimbo asilia na maelekezo ya ujenzi. Nakala hujengwa upya. Muswada ukipotea, hatuna pa kuanzia.