Kabla hujapeleka posa, kalale Bujora

Gesti za Mwanza unazijua. Ukishuka stendi, hujakaa hata sawa, ushaona kibao: chumba selfu, feni, TV, maji ya moto. Unaandika jina kwenye daftari (la kwako au la kubuni, hilo shauri lako), unakabidhiwa funguo na kipande cha sabuni, mchezo umekwisha. Asubuhi unaondoka na hakuna aliyekuuliza kwenu ni wapi. Ndiyo raha yake, na kwa safari nyingi huhitaji zaidi ya hapo.

Sasa Wajapani wana gesti ya aina nyingine kabisa. Wanaiita ryokan, na ukienda kwenye miji yao ya kale kama Kyoto au Takayama utazikuta. Ukifika tu unavua viatu mlangoni, hata kama ni raba mpya kabisa. Unapewa joho jepesi la pamba linaloitwa yukata, unakwenda kuoga bafu la maji ya moto, kisha chakula unaletewa, na unakula ulicholetewa, siyo unachokitaka wewe. Kitanda hakuna. Sakafuni kuna mikeka minene inayoitwa tatami, usiku wanakuja kukutandikia godoro, asubuhi linakunjwa linarudishwa kabatini. Moja ya nyumba hizo, Nishiyama Onsen Keiunkan, ilianza mwaka 705. Siyo 1705 bwana, ni 705! Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani, wanamwaga mshiko, ili waende kufundishwa namna ya kuvua viatu na kukaa chini.

Nikajiuliza, sisi huku kandokando ya ziwa adabu yetu ya ugeni mtu anaipata wapi? Usukumani gesti ya kulipia haikuwapo. Mgeni alifikia kwenye mji wa mtu, akajieleza, akapewa maji, akapewa chakula na mahali pa kulala. Leo ukigonga mlango wa mtu Nyegezi saa mbili usiku useme wewe ni mgeni, utaitiwa sungusungu. Mahali panapokaribiana na zile nyumba za Wajapani, kwa mtu wa Mwanza, ni Bujora.

Bujora ipo Kisesa, kama kilometa 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Hapo kuna Makumbusho ya Wasukuma, aliyoyaanzisha padre mmoja kutoka Kanada, David Clement, ambaye wenyeji walimpa jina la Fumbuka. Kazi hiyo aliishika tangu miaka ya 1950, akawa anakusanya ngoma, viti vya watemi, vibuyu na habari za wazee, wakati wengine walikuwa wakiviita vitu hivyo vya kishenzi. Ilikuwa bahati, maana mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchini na mali nyingi za watemi zingeishia nani ajuaye wapi. Humo humo ndani ya uwanja kuna mahali pa mgeni kulala.

Niliongozana na mshikaji wangu mmoja wa Kirumba, anauza simu, miaka 26, Msukuma baba na mama. Huyu bwana alikuwa na kasheshe lake. Mwezi uliofuata wazee walikuwa wampeleke Misungwi, kwa kina mchumba wake, na Kisukuma chake kinaanzia kwenye "mwangaluka" na kinaishia hapo hapo. Baba mkwe mtarajiwa alishatuma maneno kwamba watoto wa mjini hawajui kuamkia, na yeye binti yake hampeleki kwa bubu. Mshikaji hakuja kutalii. Alikuja tuisheni.

Daladala ya Kisesa inapita Nyakato, inapita Igoma, imejaa kama kawaida. Ukishuka Kisesa unaacha lami, unatembea kidogo au unachukua bodaboda. Tulifika jua limeanza kulala. Mzee mmoja wa pale alitupokea, mshikaji akamwaga shikamoo yake safi ya Kiswahili. Mzee akaitikia marahaba, halafu akabadilisha gia, akaanza Kisukuma. Niliona shingo ya mwenzangu inaingia ndani ya kola.

Kesho yake asubuhi ndipo tulipotembezwa, ila nitaje kwanza mlango wa msonge. Pale wamejenga nyumba ya Kisukuma ya mviringo, paa la nyasi linashuka mpaka karibu na ardhi, na mlango wake ni mfupi. Huwezi kuingia kibitozi, kifua mbele. Unainama. Mzee anasema ilikuwa makusudi: mwenye nia mbaya akitanguliza kichwa, mwenye nyumba ameshamwahi, na mwenye nia njema ameshatoa heshima yake kabla hajafungua mdomo. Ukitaka kushangaa, Wajapani nao kwenye vile vyumba vyao vya kunywea chai wana mlango mdogo wa kuingia kwa kutambaa, ili hata shujaa mwenye upanga auache nje na ainamishe kichwa. Sidhani kama kuna Msukuma aliyewahi kuongea nao kuhusu hilo.

Turudi usiku wenyewe. Chumba cha kulala cha kawaida tu: kitanda, chandarua, basi. Anayetaka anasa abaki mjini. Kilichotuleta ni kile kikao cha nje baada ya kula. Tulikula ugali na sato, na mzee akatoa matobolwa yake mfukoni. Kwa wale wa Dar wasiojua: viazi vitamu ukivikata vibichi ukavianika unapata michembe, ukivichemsha kwanza ndipo ukavikata na kuvianika unapata matobolwa. Ukivichanganya mbele ya Msukuma umemtukana.

Mshikaji akajikaza akaeleza shida yake. Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akawa mkali.

"Mjukuu wangu, wewe unadhani salamu ni neno?" akauliza.

"Si mwangaluka, babu?"

"Mwangaluka ya asubuhi. Mchana mpaka jioni ni mwadila. Hiyo ni hodi tu. Umeshapiga hodi, sasa ingia."

Akaanza kumwingiza. Ukoo wa baba. Ukoo wa mama. Babu yako alitoka wapi, alihamia lini, kwa sababu gani. Wazima nyumbani? Ng'ombe je? Mvua? Kila swali lina jibu lake na sauti yake ya chini, macho hayakodolewi kwa mkubwa. Anayesalimia kwa haraka ni mwenye deni, alisema mzee. Mshikaji alikwama kwenye swali la pili kabisa. Ukoo wa mama yake hakuujua. Miaka 26! Akachukua simu, saa tatu usiku, akampigia mama yake Kirumba. Nilimsikia mama upande wa pili akiuliza mara mbili kama kuna msiba.

Waliongea nusu saa. Mimi nilijifanya naangalia nyota.

Mzee akaniambia pembeni kwamba mahari ni ng'ombe, sawa, lakini wazee wa upande ule wanaanza kuhesabu ng'ombe wakishakusikiliza unavyoamkia. Ukiamkia vibaya idadi inapanda. Sijui kama alikuwa anatania, ila mshikaji aliposikia hilo alirudia salamu mpaka saa sita.

Kulipopambazuka tulitembezwa. Kanisa la Bujora lenyewe ni la mduara, na ndani ile sehemu ya kuhifadhia Ekaristi ina umbo la nyumba ya mtemi. Kwenye ngoma ndipo damu ikachemka. Usukumani kuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mashindano yao hayana majaji. Wote wanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Fikiria Msondo na Sikinde wapige pamoja kwenye ukumbi mmoja, halafu wewe uchague pa kusimama. Kuna wanaocheza na nungunungu, kuna wanaocheza na chatu mkubwa shingoni. Sikukuu yao inaitwa Bulabo, maana yake maua, na inakwenda pamoja na sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki, kwa hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni. Siku hizo watu hufurika, ndiyo maana nakushauri uulize chumba mapema kabla hujafunga begi. Ukienda siku za kawaida utapata utulivu, na wazee watakuwa na muda na wewe.

Tulipokuwa tunashuka kwenda lami tukakutana na bibi mmoja ana ndoo kichwani. Mshikaji akasimama kando ya njia, akainamisha kichwa. "Mwangaluka, mayu." Bibi akasimama. Akaitikia, akauliza la kwanza, akajibiwa. La pili, ukoo wa mama, akajibiwa. La tatu mshikaji akalikosea, bibi akamsahihisha, akalirudia. Ndoo ikashushwa chini. Daladala yetu ikapiga honi, ikaondoka, na wale wawili walikuwa bado hawajafika kwenye ng'ombe.